Wajane Wawili na Maandishi ya Chini

Tkrr. Tkrr. Kimya kidogo, kisha tkrr nyingine, ndefu zaidi, kama panya anayetafuna mguu wa kabati. Nilikuwa jikoni nachota maji, na kabla sijageuza shingo nilijua ni deki ya filamu. Ilikuwa imemeza diski na sasa inashindwa kuisoma wala kuitema.

Nilipoingia sebuleni nilimkuta baba amepiga magoti mbele yake, akiipapasa juu kwa viganja viwili. Baba ni kinyozi, na anaamini hakuna kitu kisichotulia kikishikwa kichwa. Dada yangu alikuwa ameziba masikio kwa mto. Mama alikuwa kwenye kiti chake karibu na taa, sindano mkononi na suruali ya mteja mapajani, akiitazama runinga ambayo picha yake ilikuwa imeganda kwenye uso wa mwanamke aliyefumbua mdomo. Mlio ule haukumsumbua hata kidogo. Mama hasikii. Homa ilimlaza hospitali mwaka ule nilipokuwa namaliza shule, na alipoinuka kitandani masikio yake hayakuinuka naye.

"Imekwama tena?" aliuliza.

Baba alimgusa mkono kwanza, kama tunavyofanya wote, akangoja ageuke, ndipo akasema taratibu, "Inazeeka."

"Basi inyoe."

Dada alicheka mpaka akauangusha mto. Mama ndiye mcheshi wa nyumba yetu, na hasara ya masikio haikumpunguzia ulimi. Huwaambia wateja wake kwamba sikio la kufa halisikii dawa, na yeye anayo mawili.

Lakini kucheka si kukaa pamoja. Sisi wengine tukianza kuzungumza kwa mpigo, midomo humkimbia. Humsoma mmoja, mwingine akadakia, akigeukia huko maneno yameshapita. Mwanzoni alikuwa akiuliza. Baadaye akaacha kuuliza. Mwishowe akawa akimaliza kula tu anahamia chumba cha cherehani, na sisi tunaisikia ikikimbia peke yake nyuma ya mlango, trrrr, trrrr, hadi wakati wa kulala.

Kilichomrudisha sebuleni ni filamu. Baba aligundua kwamba hizi diski za picha kali, zinazoonyesha hadi jasho la mtu kwenye kope, nyingi huja na maandishi ya chini, yaani maneno ya waigizaji yanayopita chini ya picha. Akaanza kuzinunua. Hakutazama filamu inahusu nini. Aligeuza kasha, akasoma nyuma kama kuna maandishi ambayo mama anayaweza, akalipa na kuondoka. Ndiyo maana maktaba yetu ni ya ajabu. Tuna filamu ya wafuga nyuki, tuna ya kesi ya mtu aliyeuza daraja, tuna katuni ileile mara mbili. Na tuna ile ya wajane wawili.

Wajane hawa walikuwa wake za mume mmoja. Siku ya mazishi mvua inafunga barabara, wanabaki ndani ya nyumba moja, wanatukanana tangu mwanzo hadi mwisho. Hakuna anayepigwa risasi, hakuna anayekimbizwa. Ni maneno tu, na mama aliipenda kuliko zote. Maandishi hutokea kabla mwigizaji hajamaliza kusema, kwa hiyo tusi lilipokuja, mama ndiye aliyecheka wa kwanza. Mtu ambaye kila mzaha ulimfikia ukiwa umepoa, hapo alikuwa mbele yetu sote, na sisi tukimfuata.

Sasa deki ilikuwa inakufa. Fundi alikuja akaifungua, akasema jicho la kusomea limechoka na kipuri chake hakitengenezwi tena. Baba alikunja uso. Mama alinitazama mimi, kisha fundi, kisha mimi tena, kwa sababu hakupata alichosema fundi.

"Usijali, mama," nilisema. "Filamu zote nitazihamishia kwenye kompyuta. Hakuna kitu kitakachopotea."

"Una mdomo wa cherehani," mama alisema. "Rudia polepole."

Nikarudia polepole, nikajipiga kifua. Mimi hufanya kazi kwenye duka la kuchapa, siku nzima nimekaa mbele ya kompyuta, na sikuona kwa nini kisanduku cha plastiki kinishinde. Nilinunua kisoma diski cha kuchomeka pembeni, nikaweka programu ya kunakili, nikaanza. Kazi yenyewe ni ya kungoja. Diski inaingia, kisoma diski kinanguruma kama paka aliyeshiba, mstari wa kijani unatambaa, na mpaka umalize kula na kuosha vyombo, filamu moja imehama. Programu ile ina maswali mengi. Unataka hiki? Unataka kile? Nilijibu haraka. Kwenye sauti nilichagua iliyo kubwa kuliko zote, ile inayotembea kutoka spika ya kushoto hadi ya kulia. Kwingine nilibonyeza endelea, endelea, endelea. Nilipotaka kuhakikisha, nilivaa vipokea sauti, nikafumba macho, nikasikiliza mvua ya wajane ikinyesha pande zote za kichwa changu. Nikasema hii ndiyo kazi.

"Umeangalia vizuri?" dada aliniuliza akiwa mlangoni. Anasomea uuguzi, na amezoea kuuliza swali moja mara mbili.

"Usiguse kitu."

"Sijagusa, Injinia. Nimeuliza."

Kabla ya wikendi zote zilikuwa zimehama. Siku niliyomaliza, mjomba, kaka yake mama, alikuja kunyolewa. Mjomba ana bustani ya mboga ukingoni mwa mji. Aliliona boksi la diski mlangoni, akachukua moja, akaigeuzageuza kwenye mwanga mpaka rangi zikamchezea usoni.

"Hizi mnazifanyia nini?"

"Hayo ni maganda, mjomba," nilisema, nikaigonga kompyuta kwa kidole. "Roho yake iko humu."

"Basi nipeni maganda. Ndege wananimalizia miche."

Baba alishusha mkasi. "Tungengoja kwanza. Tuzitazame."

"Baba, unangoja nini? Nimeshasema zote zimo."

Baba aliendelea na kichwa cha shemeji yake. Mjomba akaondoka na boksi begani.

Jioni ile tuliketi wote. Niliunganisha kompyuta na runinga, nikazima taa ya katikati nikaacha ya mama, nikawachagulia wajane. Picha ilitokea safi kama kioo kilichopanguswa. Mvua ilianza, madirisha yetu yakatetemeka kwa spika, baba akasema, "Ah," na mimi nikakaa kama mtu anayengoja kupongezwa. Mjane mkubwa alifungua mlango, akamwona mdogo, akamrushia tusi lake la kwanza.

Baba alicheka. Dada alicheka. Halafu mama akacheka.

Sikulitilia maanani. Tusi la pili lilikuja, tukacheka, na mama akacheka nyuma yetu tena. Mara ya tatu niligeuka kumtazama. Mama hakuwa anaitazama runinga. Alikuwa anamtazama baba. Baba akipanua mdomo, naye anapanua wa kwake. Baba akitulia, naye anatulia. Macho yake yalipita kwetu mmoja mmoja, yakakuta yangu, akatabasamu kwa adabu, kama mgeni aliyekaribishwa chai asiyoipenda.

Baada ya muda alikunja suruali ya mteja. "Nina pindo la kumalizia," alisema, akatoka. Tukasikia mlango, kisha trrrr, trrrr.

Niliitazama runinga. Mjane mdogo alikuwa anazungumza, na chini yake palikuwa na zulia tu.

"Maandishi yako wapi?" dada aliuliza.

Nilibonyeza rimoti. Nikafungua filamu ya nyuki, nikafungua ya daraja. Hakuna. Nikarudi kwenye programu ya kunakili na safari hii nikasoma nilichokuwa nakiruka. Kulikuwa na safu nzima ya visanduku vidogo, kila kimoja na lugha yake, na vyote vilikuwa vitupu. Maandishi hayaji yenyewe. Lazima uyaombe kwa alama ya vema, na mimi katika filamu zote sikuwahi kuyaomba hata mara moja.

"Injinia," dada alisema, "umehamisha nyumba, ukamsahau mwenye nyumba."

Damu ilinipanda. "Si ungesema?"

"Nilisema. Nikaambiwa nisiguse kitu."

"Uliuliza, hukusema. Ungesema: maandishi."

"Kwani diski tulizinunua kwa ajili ya nani? Ya spika?"

"Mkimaliza kugombana," baba alisema bila kupandisha sauti, "mmoja wenu akazirudishe."

Asubuhi nilipanda baiskeli hadi kwa mjomba. Niliiona bustani kabla sijaifikia, kwa sababu ilikuwa inametameta. Mjomba alikuwa amesimamisha miti pembeni, akavuta kamba juu ya matuta, na diski zetu zilining'inia kila hatua, zimepitishwa uzi kwenye tundu la katikati, zikizunguka na kurusha madoa ya mwanga juu ya mchicha. Zilipendeza, na hilo ndilo lililoniuma zaidi. Mjomba alinipokea kwa fahari.

"Ndege wamehama," alisema. Juu ya kamba, katikati ya diski mbili, ndege mmoja alikuwa amekaa akijichokoa kwapa.

Nikamweleza. Mjomba alisikiliza huku akifuta jembe kwa majani.

"Lakini ulisema ni maganda."

"Nilisema."

"Ukasema roho umeitoa."

"Mjomba, nimekosea. Nataka kuzichukua."

Hakubisha. Alileta kisu, akawa anakata nyuzi upande ule nami upande huu, tukizipanga kwenye gunia lililotandikwa kitambaa. Zilikuwa na vumbi, na nyingine ndege walikuwa wameziachia shukrani zao, lakini uso wa kila moja ulikuwa mzima. Niliendelea hivyo mpaka kona ya mwisho, kwenye miche ya nyanya, ambako zilining'inia vipande. Vilikuwa vyembamba kama majani ya mkonge, vimetobolewa kwa msumari.

"Hizi je?"

"Hizo chache nilizikata," mjomba alisema. "Kipande kinageuka upesi kuliko duara. Upepo kidogo tu, kinawaka."

Nilianza kuokota. Kwenye kipande kimoja palikuwa na kofia nyeusi. Kwenye kingine kidevu na ushanga. Niliviweka pamoja kwenye kiganja, na wajane wawili wakanitazama kila mmoja na nusu uso.

Nilimfokea. Nilisema mambo kuhusu watu wanaokata wasichokijua, na sauti yangu ikaenda hadi kwa jirani aliyekuwa akimwagilia. Mjomba alingoja nimalize.

"Usinifokee, kijana. Asiyesikia ni dada yangu. Mimi nasikia vizuri." Akachomeka kisu kiunoni. "Anajua?"

"Bado."

"Mwambie wewe, tena usoni. Usije ukanituma mimi, wala baba yako."

Njia nzima kurudi nilikuwa natafuta maneno. Mimi, ambaye maneno hayajawahi kunipungukia, ambaye nikikaa na kalamu beti zinakuja zenyewe, sikupata hata sentensi moja iliyonifaa. Nilimkuta mama kwenye meza kubwa ya kukatia vitambaa. Nililiweka gunia mbele yake, nikalifungua. Akaona vumbi, akaona nyuzi, akanusa.

"Mbolea," alisema.

"Ya bustani ya mjomba," nilisema. "Sikuchukua maandishi, mama. Nimesahau. Jana uliketi pale bila neno hata moja, na ni mimi niliyekufanyia hivyo. Nitazinakili upya zote."

Alinitazama midomo mpaka nilipomaliza, kisha akaendelea kuitazama kidogo, kama anayehakikisha hakuna lililobaki ndani.

"Uliniona jana?"

"Nilikuona."

"Nilikuwa nimeazima kicheko cha baba yako," alisema. "Na nguo ya kuazima unajua haisitiri nini."

Nilicheka, ingawa sikutaka. Akaniambia nilete beseni.

Tulifanya kazi hiyo pamoja mchana kutwa. Maji vuguvugu, sabuni kidogo ya vyombo, na mabaki ya kitambaa cha bitana kwa kukaushia, kwa sababu bitana haikwaruzi. Nilimwonyesha kwamba diski haipanguswi kwa kuzungusha. Unaanzia tundu la katikati na kuvuta moja kwa moja hadi ukingoni.

"Nimepangusa shanga za magauni ya harusi wewe hujazaliwa," alisema, akaninyang'anya kitambaa.

Zilizokauka alizisimamisha kati ya vigurudumu vya uzi, na mimi nikawa nazilisha kompyuta. Kila nilipofika kwenye ile safu ya visanduku, nilitoka kitini na mama akaweka alama ya vema kwa kidole chake mwenyewe. Filamu ikimaliza, aliifungua mwanzo, akaruka katikati, akaruka mwisho, akisoma kwa sauti. Sauti yake siku hizi hupanda na kushuka bila kumwomba ruhusa, na sebule ilijaa maneno ya wafuga nyuki na mawakili. Baba alirudi kutoka kinyozini, akasimama mlangoni, akavua viatu polepole, akajifanya anatafuta gazeti ili asikilize. Diski mbili zilikataa, kisha moja ikakubali baada ya kuoshwa tena. Ile nyingine ilikuwa katuni, na katuni tunayo ya pili.

"Wajane wako wapi?" mama aliuliza.

Nilikuwa nimeviweka vipande kwenye mfuko wa shati. Nikavitoa, nikavipanga mezani. Vilikuwa bado na harufu ya majani ya nyanya.

Mama alivisogeza kwa ncha ya kidole, kofia kwenye kofia, ushanga kwenye ushanga. Kwa mtu anayeunganisha vitambaa kila siku, niliona mikono yake ikitafuta njia kabla kichwa hakijakubali kwamba hakuna.

"Si kitu," alisema. "Najua inavyoisha."

"Unayakumbuka maneno?"

"Sura nazikumbuka. Maneno yameanza kufutika. Jana nilijaribu kuwasoma midomo, lakini mkubwa hupenda kutukana akiwa amegeukia ukuta."

Baba alishusha gazeti. Duka lililowauza wajane lilifungwa zamani, na sote tulijua kwamba ametafuta diski nyingine bila kupata.

"Ninayo nakala ya jana," nilisema. "Picha ninayo, sauti ninayo. Kilichokosekana ni maandishi tu. Mimi nasikia, mama, na kuchapa ndiyo kazi yangu. Nitayaandika."

"Filamu nzima?"

"Nzima."

"Wanawake wale hawafungi mdomo."

"Na mimi nachapa kwa vidole vyote."

Hakuonekana kuamini, nami sipendi kutoaminiwa. Nilitafuta programu ya kupanga maandishi, ile inayokuuliza neno litokee lini na lipotee lini, nikavaa vipokea sauti, nikaanza pale mlango unapofunguliwa. Kazi ilinivuta mara moja. Mstari ukiwa mrefu, jicho halimalizi kabla picha haijapita. Ukiwa mfupi mno, maana inavuja. Nimezoea kubana neno liingie kwenye mizani, na hapa palihitaji mizani. Kufika jioni ya siku iliyofuata nilikuwa na ugomvi wa kwanza wote. Nikamwita mama, nikacheza kipande kile.

Tusi la kwanza lilipita chini ya picha. Mama alicheka, na alicheka mbele ya baba na dada. Nilihisi kifua kinapanuka. La pili likapita. Hakucheka. Aliinua mkono nisimamishe.

"Huyu hakusema hivi."

"Amesema, mama."

"Mdomo wake umefunguka na kufunga mara mbili tu. Wewe umempa ubeti mzima, tena una vina."

Dada aliomba vipokea sauti, akasikiliza. "Amesema: 'Mchawi wewe,'" alitangaza, huku akimtazama mama ili amsome. "Basi. Injinia kaandika mambo ya fisi na mbalamwezi."

"Langu ni bora," nilisema.

"Ni bora," mama alisema. "Lakini ni lako. Liandike kwenye karatasi yako, utie jina lako chini, uniletee, nitalisoma na nitalisifu. Hapa nataka lao. Wakiwa na akili nione akili yao, na wakiwa wajinga waache wawe wajinga. Ninyi mnawasikia walivyo; kwa nini mimi nipambiwe?"

Nilifuta fisi, nikafuta mbalamwezi, nikaandika: Mchawi wewe. Nikacheza tena. Mama alicheka, na safari hii akapiga paja.

"Na kuna jambo lingine," alisema. "Diski yenyewe haikuwahi kuniambia. Pale katikati wote wawili wanageuka kuutazama mlango, wanaacha hata kugombana. Nimeitazama mara nyingi hiyo. Sijui hadi leo kama mtu alibisha au ni upepo."

Baba na dada walitazamana. Hakuna kati yetu aliyewahi kufikiri kwamba mlango nao ni wa kuandikwa.

Nilisogea hadi mwanga wa dirisha ukanipiga usoni, nikamgusa mkono, nikangoja anitazame.

"Nakuahidi, mama," nilisema. "Nitaandika wanachosema kama walivyokisema. Sitaongeza, sitapunguza, na matusi yao utayapata mazima. Mtu akibisha hodi nitaandika amebisha, ukiwa ni upepo nitaandika upepo, na ile mvua inayowafungia ndani, ikianza kunyesha, utajua wakati uleule tunaojua sisi."